Ng'ombe Anayechechemea: Somo kwa Mnunuzi wa Ng'ombe wa Kunenepesha

Miongoni mwa malalamiko yanayoletwa mbele yetu na wanunuzi wa mifugo, lipo moja ambalo hujirudia kila mvua za masika zinapokaribia kwisha. Mtu amenunua madume wanne au watano mnadani kwa nia ya kuwanenepesha, amewafikisha nyumbani, na baada ya siku chache mmoja wao hataki kuukanyagia mguu wake. Muuzaji amekwisha kurejea kwao, dalali hapokei simu, na risiti iliyopo inataja rangi ya ng'ombe na bei yake tu. Hapo mnunuzi hutuuliza: je, ninaweza kurudishiwa fedha zangu?

Jibu letu la kweli ni kwamba mara nyingi haiwezekani. Ng'ombe akishatoka katika uwanja wa mnada na kupanda gari, hakuna awezaye kuthibitisha kwa urahisi kwamba mguu uliumia kabla ya safari au baada yake. Ulinzi ulio imara zaidi kwa mnunuzi ni macho yake mwenyewe kabla ya kutoa fedha, na baada ya hapo ni ujuzi wa kutambua mapema kinachomsumbua mnyama. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mambo hayo mawili.

Hasara ya mguu mmoja

Dume wa asili wa Kitanzania mwenye uzito wa kilo 200 huhitaji chakula kikavu cha kilo 5 hadi 6 kwa siku. Akiwa mzima, na akipata mashudu, pumba na nyasi kwa kipimo kinachofaa, anaweza kuongezeka nusu kilo hadi robo tatu ya kilo kila siku. Kwa muda wa siku 90, ambao ndio msimu wa kawaida wa kunenepesha, hiyo ni nyongeza ya kilo 45 hadi 67. Faida yote ya mnenepeshaji imo ndani ya kilo hizo.

Sasa tumfikirie dume huyo akiwa na maumivu ya ukwato kwa wiki tatu. Haendi horini pamoja na wenzake. Anapofika, wenye nguvu wamekwisha kula mashudu na kumwachia mabua. Hulala muda mrefu, hunywa maji kidogo, na mwili wake huanza kula akiba yake. Wiki tatu ni karibu robo ya msimu mzima. Hata akipona kabisa, siku hizo hazirudi, na mwenye mali atalazimika ama kumuuza akiwa mwepesi ama kumlisha zaidi ya muda aliokusudia. Hapo hatujataja gharama ya dawa.

Kumtazama ng'ombe kabla ya kulipa

Fika mnadani mapema, kabla jua halijawa kali na kabla ng'ombe hawajachoka kwa kusimama. Usikubali kumtazama mnyama akiwa amebanwa katikati ya kundi, kwa maana katika msongamano hata mwenye miguu mitatu huonekana amesimama vyema. Omba atolewe na atembezwe peke yake hatua 20 au 30 kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, akienda na akirudi. Muuzaji mwenye ng'ombe mzima hana sababu ya kukataa. Akikataa, umekwisha kupata jibu, nawe huna haja ya kugombana naye.

Anapotembea, tazama mgongo kwanza. Ng'ombe mwenye miguu mizima huwa na mgongo ulionyooka anaposimama na anapotembea. Yule aliyeanza kuumia husimama na mgongo ulionyooka, lakini anapotembea huupinda kwa juu kama upinde. Ugonjwa ukizidi, mgongo hubaki umepinda hata akiwa amesimama, na hatua zake huwa fupi. Wanunuzi wengi hungoja kuona mnyama anayeburuta mguu ndipo waseme anachechemea. Kwa kweli mgongo husema siku nyingi kabla ya mguu.

Kisha tazama kichwa. Ikiwa maumivu yako katika mguu wa mbele, mnyama hukiinua kichwa chake mguu ule mbovu unapogusa ardhi, na kukiteremsha anapokanyaga mguu mzima. Maumivu yakiwa nyuma, simama nyuma yake utazame nyonga mbili: utaona hazipandi wala kushuka kwa usawa, na hatua ya upande mmoja huwa fupi kuliko ya pili.

Mwache asimame pia. Anayegusisha ncha tu ya ukwato, anayebadilisha uzito kila dakika kutoka mguu huu hadi ule, anayepishanisha miguu ya mbele kana kwamba amefungwa, au anayeuweka mguu wa nyuma mbali na mwili, huyo anajaribu kukwepa maumivu. Na ng'ombe aliyelala wakati wenzake wamesimama aamshwe. Baadhi hulala kwa uchovu wa njia, lakini ni vyema ujue hivyo kwa kumwona akiinuka.

Tope nalo ni kificho kikubwa. Ukwato uliofunikwa na tope kavu hauonyeshi kidonda wala uvimbe. Lita mbili za maji na brashi ngumu ni vifaa vya bei ndogo. Tunawashauri wanunuzi wavibebe. Uoshaji ufanyike mnyama akiwa ndani ya kibanio au amefungwa na watu wanaojua kazi hiyo, kwa sababu teke la dume halichagui mnunuzi wala muuzaji.

Kwanza ukwato, kisha mengine

Sehemu kubwa ya kuchechemea kwa ng'ombe hutokana na maradhi ya ukwato wenyewe na ngozi iliyo karibu nao. Kwa hiyo, hata kama muuzaji au mchungaji anakuhakikishia kwamba ni bega lililoteguka, anza chini. Tazama ngozi iliyo kati ya kwato mbili, tazama mstari ambapo nywele zinakutana na ukwato, tazama unyayo, na unuse. Ndiyo, unuse; pua itakuambia mengi.

Kuoza kwato ndio ugonjwa tunaoulizwa zaidi wakati wa mvua. Ngozi iliyo kati ya kwato hulainika kwa kukaa katika tope na samadi, au huchanwa na jiwe, kisiki au bua kavu, na bakteria wanaoishi katika samadi huingia. Dalili huja ghafla: jana alitembea, leo amenyanyua mguu. Uvimbe huzunguka pande zote mbili za mguu kwa usawa juu ya kwato, kwato hutanuka na kuachana, kisha ngozi ya katikati hupasuka na kutoa uchafu wenye harufu mbaya isiyosahaulika. Mnyama huwa na homa na huacha kula. Kwa kawaida ni mguu mmoja tu.

Ugonjwa huu hutii dawa ukiwahiwa. Daktari wa mifugo atasafisha kidonda na kuchoma sindano ya penisilini au oksitetrasaiklini, na ndani ya siku tatu au nne mnyama aanze kukanyaga. Asipopata nafuu kwa muda huo, au uvimbe ukiwa upande mmoja tu na kupanda juu, ni dalili kwamba maradhi yameingia katika kiungo, au kwamba kuna msumari au jiwe ndani ya unyayo ambalo halijatolewa. Kuongeza sindano bila kutazama tena mguu ni kupoteza fedha. Tumekwisha kuletewa ng'ombe waliomwagiwa maji ya betri katika kidonda na wengine waliochomwa kwa chuma cha moto. Ukatili huo haukuponya hata mmoja wao, ila uliongeza kidonda cha pili juu ya kile cha kwanza.

Maradhi anayoyaleta mnenepeshaji mwenyewe

Hapa tunaomba msomaji atusikilize kwa utulivu, kwa sababu hasara hii haitoki mnadani.

Ng'ombe aliyetoka malishoni amezoea nyasi. Katika tumbo lake kubwa la kwanza wamo vijidudu wengi mno wanaovunja nyasi polepole. Akifika zizini na siku hiyohiyo akawekewa ndoo ya pumba za mahindi zilizochanganywa na molasi, vijidudu wale hawawezi kuihimili wanga na sukari ile kwa ghafla. Wengine wanaotengeneza asidi huzaliana upesi, tumbo hugeuka kuwa chachu, na mnyama huacha kucheua. Kinyesi huwa laini, cha kijivu, chenye punje zisizosagika. Baadhi hufa katika siku moja au mbili. Wengi hawafi, na hapo ndipo mnenepeshaji anapodhani kwamba mambo yamepita.

Hayajapita. Asidi ile huvuruga mzunguko wa damu katika tishu laini inayoshika mfupa ndani ya ukwato. Tishu huvimba, lakini haina mahali pa kupanukia kwa kuwa imezungukwa na ganda gumu. Mnyama hutembea kama anayekanyaga makaa, kwa hatua fupi na mgongo uliopinda, na miguu zaidi ya mmoja huuma kwa pamoja. Ukigusa ukwato utauhisi una joto, lakini hutaona kidonda wala kunusa harufu. Wiki kadhaa baadaye, ukwato ukiwa umeendelea kukua, hujitokeza mikunjo kama pete ukutani, madoa ya damu katika unyayo, na wakati mwingine vidonda vya unyayo. Mwenye mali humlaumu aliyemuuzia, ilhali chanzo ni ndoo ya siku ya kwanza.

Kinga yake ni subira. Kwa siku tatu au nne za mwanzo mpe nyasi kavu au mabua na maji safi kwa wingi. Kisha anza na kiasi kidogo cha pumba na mashudu, ukigawa mara mbili kwa siku, na ongeza polepole kwa muda wa wiki mbili hadi tatu hadi ufikie kipimo kamili. Nyasi zisiondoke horini hata siku moja. Anayewahi kuwashibisha ng'ombe wake ili wanenepe upesi huishia kuwa na ng'ombe wanaonenepa polepole kuliko wa jirani yake aliyengoja. Iwapo mnyama mmoja amekata kamba usiku na kula gunia la pumba, usingoje aonyeshe dalili. Ondoa chakula hicho, mpe nyasi tu, na mwite daktari alfajiri hiyohiyo.

Wanapochechemea wengi kwa pamoja

Ng'ombe mmoja akichechemea, tafuta jiwe. Watatu wakichechemea katika siku mbili, acha kutafuta jiwe.

Ugonjwa wa miguu na midomo huletwa na virusi, na huenea upesi kwa mate, kwa maji ya malengelenge, kwa magari, kwa viatu na kwa nguo za wachungaji. Dalili huonekana siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa, na kwa hiyo ng'ombe aliyekuwa mzima mnadani anaweza kuugua akiwa nyumbani kwako na kuambukiza kundi zima. Udenda hutiririka kwa nyuzi, mnyama hupiga midomo kwa sauti, na ukifungua kinywa utaona malengelenge au ngozi iliyobanduka kwenye ulimi na fizi. Malengelenge kama hayo hutokea kati ya kwato na kwenye mstari wa nywele, na pia katika chuchu za majike. Hii ndiyo tofauti kubwa na kuoza kwato: huku mdomo na miguu huugua pamoja, na huugua wengi.

Hakuna dawa inayoua virusi hivyo. Vidonda huoshwa na kulindwa visiingiliwe na bakteria, na mnyama hupewa nyasi laini. Wakubwa wengi hupona, ila ndama hufa, na waliopona huchukua muda mrefu kurudisha uzito. Chanjo ipo, lakini virusi viko vya aina kadhaa na chanjo ya aina moja haikingi dhidi ya nyingine. Chanjo ifuate ushauri wa ofisa mifugo anayejua aina iliyopo katika eneo lake. Jambo kubwa zaidi ni wajibu. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, mwenye mifugo anayeshuku ugonjwa wa namna hii hana budi kutoa taarifa. Usiwauze upesi ili kuokoa ulichoweza. Tunajua kishawishi hicho na tunajua kinavyoonekana kuwa busara saa ile, lakini mnunuzi atakayewapokea ni mtu kama wewe, mwenye mkopo kama wako.

Ipo pia homa ya siku tatu, inayoenezwa na mbu na wadudu wadogo wanaouma baada ya mvua. Mnyama huamka na homa kali na miguu iliyokakamaa. Leo anachechemea mguu huu, kesho ule. Madume wazito ndio huteseka zaidi. Wengi huinuka wenyewe siku ya tatu au ya nne. Hitaji lao ni kivuli na maji, na katu wasinyweshwe dawa kwa chupa, kwa kuwa koo linaweza kuwa limelegea na dawa ikaingia mapafuni.

Chambavu

Ugonjwa huu hauna nafasi ya majaribio. Humpata ng'ombe kijana wa miezi 6 hadi miaka 2, na humchagua aliyenona. Ghafla huchechemea, mara nyingi mguu wa nyuma, na katika paja au bega huonekana uvimbe ulio moto na wenye maumivu. Baada ya saa chache uvimbe hupoa na kufa ganzi. Ukiupapasa unasikia mchakacho wa hewa chini ya ngozi, kama karatasi kavu inapofinywa. Wafugaji wakongwe huutambua kwa kiganja tu. Kifo huja kwa saa 12 hadi 48, na tiba husaidia pale tu ilipowahi sana.

Mbegu za bakteria wake huishi katika udongo kwa miaka mingi. Chanjo hutolewa kila mwaka kabla ya msimu wa hatari, na gharama yake haifanani hata kidogo na bei ya dume mmoja. Mnyama aliyekufa asichunwe wala kupasuliwa, na nyama yake isiliwe. Afukiwe kwenye shimo refu au ateketezwe kwa moto. Onyo hili ni kali maradufu ikiwa damu isiyoganda inatoka puani au sehemu ya haja, kwani hicho chaweza kuwa kimeta, nacho huua watu.

Mengine kwa ufupi

Kupe wenye midomo mirefu hujishika kati ya kwato na kuacha majipu. Kagua hapo unapoogesha, kwa sababu dawa ya josho haifiki vizuri katika tope. Goti lililovimba kama mfuko wa maji, lisilouma, ni dalili inayoweza kuambatana na ugonjwa wa kutupa mimba, ambao binadamu huupata pia. Usinunue mnyama huyo bila kupima damu. Ng'ombe anayetafuna mifupa ana upungufu wa madini ya fosforasi. Apewe jiwe la chumvi lenye madini, na mifupa iondolewe malishoni kwa kuwa inaweza kumtia sumu.

Na sindano. Wengi wetu tumezoea kuona ng'ombe akichomwa kwenye tako. Huko upo mshipa mkubwa wa fahamu unaoweza kujeruhiwa na kumwacha akiburuta mguu, na huko ndiko pia kwenye nyama ya bei kubwa, ambamo mchinjaji hukuta jipu. Sindano zichomwe shingoni.

Zizi na maji ya dawa

Zizi lililo na mteremko kidogo, lenye changarawe iliyoshindiliwa karibu na hori na mahali pa kunywea, huzuia maradhi mengi kuliko kabati lililojaa dawa. Hapo ndipo kwato husimama muda mrefu, na hapo ndipo tope huanza. Samadi iondolewe kila siku wakati wa mvua.

Wenye ng'ombe wengi wanaweza kujenga kijosho cha miguu na kutia mrututu, kilo 5 kwa lita 100 za maji. Kwato zisafishwe kwanza, maana maji yakishajaa samadi hayana nguvu tena. Mrututu ni sumu ukinywewa, kwa hiyo ng'ombe wasipitishwe wakiwa na kiu, na maji yaliyotumika yasimwagwe mtoni.

Dawa na mlaji wa nyama

Mnyama aliyechomwa dawa hana ruhusa ya kuchinjwa hadi muda ulioandikwa kwenye lebo umalizike. Kwa oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini muda huo waweza kufikia wiki nne. Kumpeleka machinjioni dume anayechechemea siku tatu baada ya sindano, ili asife na hasara, ni kumhamishia mlaji hasara hiyo kwa namna ya mabaki ya dawa katika sahani yake. Andika tarehe ya sindano na jina la dawa, na mwelezee atakayemnunua. Vilevile mnyama asiyeweza kusimama mwenyewe asipandishwe garini. Mwite daktari aamue juu yake palepale alipo.

Siku za mwanzo nyumbani

Ng'ombe wapya wakae mbali na wa zamani kwa siku 14 kwa uchache, na 21 nafasi ikiruhusu, wakiwa na ndoo na mchungaji wao. Watembeze kila asubuhi hatua chache uwatazame migongo.

Ukiona tatizo na unakusudia kulalamika, fanya mambo haya siku hiyohiyo: piga picha ya mguu ulioosha na ya mnyama mzima pamoja na alama yake, mwite ofisa mifugo aandike alichokiona na tarehe, na hifadhi risiti pamoja na kibali cha kusafirishia. Wakati wa kununua, omba maneno haya yaongezwe kwenye risiti: "alitembezwa mbele ya mnunuzi na hakuchechemea", na muuzaji atie sahihi. Sentensi hiyo moja imetusaidia kupatanisha watu kuliko barua nyingi zilizoandikwa baadaye. Malalamiko yanayotufikia ndani ya siku tatu tunaweza kuyafuatilia kwa uongozi wa mnada ambako ng'ombe aliuzwa. Yanayotufikia baada ya mwezi, mnyama akiwa amekwisha kuchinjwa, hatuna tunachoweza kukichunguza.